Tambi za Lugoba, Hamburg

Daktari alizungumza na mimi. Alisema mama akizidi kupungua, Jumatatu watamtia mpira puani wa kumlishia. Nikamtafsiria. Mama alikuwa amekaa kitandani kajitanda kanga yake, akamtazama yule bwana kuanzia juu mpaka viatuni.

"Mwambie thubutu! Bagamoyo hawa Wajerumani walikuja hawakualikwa, na boma lao mpaka leo tunalifagia sisi. Puani mwangu hawaingii."

Hilo sikulitafsiri. Nilisema mama anashukuru na atajitahidi.

Nilikuwa muuguzi Hamburg mwaka wa tisa huo, na nilimleta mwenyewe kutoka Mlingotini kuja kutolewa uvimbe tumboni. Operesheni ilikwenda salama, alhamdulillahi. Shida ikawa kula. Nilipika uji, akausukuma. Nilipika wali wa nazi, akanusa, akafunika. Chakula cha hospitali ndicho usiseme kabisa. Siku moja nikalia mbele yake, Mungu anisamehe, nikamwambia, "Mama, unataka nikurudishe nyumbani ndani ya sanduku?"

"Nataka tambi za Lugoba," akanijibu.

Baba alipofariki, mama alikwenda Lugoba kupika kwenye kambi ya Wachina waliokuwa wakijenga barabara. Mpishi mkuu alikuwa Mchina Mwislamu, kofia nyeupe kichwani, hagusi unga bila bismillahi. Ndiye aliyemfundisha kuvuta tambi kwa mikono, bila kisu wala mashine, za kuliwa na supu ya ng'ombe. Mama akaja kutupikia Mlingotini, kajishebedua kweli. Shangazi akaonja, akaguna, akazimwagia sukari na tui la nazi, maana kwetu Pwani tambi ni za futari na ni tamu, basi. Mama hakusema naye siku tatu.

Jumamosi nikamwombea ruhusa ya saa chache. Daktari alisema ale chochote kitakachopita. Hoteli ya kwanza ya Kichina ilikuwa ya fahari, taa nyekundu kila kona. Mama hakuigusa orodha ya vyakula. Alikaa, mikono mapajani, akingoja. Nikaagiza tambi, mhudumu akatuletea za kukaanga zilizogandamana kwa rojo tamu, akasema wageni wote wanazipenda. Mama akasimama.

"Twende. Hawakuuliza."

"Hawakuuliza nini tena, mama?"

"Unene."

Njiani akanieleza, huku nimemshika kiwiko. Mpishi wa kweli havuti tambi mpaka mlaji aseme anazitaka vipi, nyembamba kama uzi au pana kama mkanda. Kule kambini hata kibarua wa kuchimba mtaro aliulizwa. Asiyeuliza, basi tambi zake zimetoka kwenye pakiti.

Hoteli ya pili nayo hawakuuliza. Mama akasimama vilevile, na mhudumu akatufuata mpaka mlangoni akinung'unika kwamba watu wa aina yetu wanakuja kujaza viti tu. Ile ya kwanza nilitoka nimeinamisha kichwa kwa aibu. Huyu nilimgeukia nikampa zake kwa Kijerumani kilichonyooka, na watu wakageuka kutazama. Mama hakuelewa neno hata moja, lakini alisema nimesema vizuri.

Alikuwa ameanza kuchoka. Nilitaka kumrudisha, akakataa katakata. Nikapiga simu kwa imamu wa msikiti ninakoswali, naye akanielekeza kijiduka nyuma ya stesheni, kioo chake kimeandikwa halali kwa Kiarabu. Meza zilikuwa nne. Dada wa kaunta alimwamkia mama kwa kichwa, akasema maneno mawili matatu ya Kijerumani kibovu, kisha akainua vidole viwili, akavibana, akavitanua: hivi, au hivi?

Nikafungua kinywa kutafsiri. Mama alishamjibu, kwa Kichina chake cha kambini. Yule dada akaachia kicheko, akapiga kelele jikoni, na huko ndani unga ukaanza kubamizwa mezani, pa! pa!

Zikaja pana kama alivyotaka, kwenye supu angavu, na vipande vya figili, giligilani na mafuta ya pilipili juu. Mama akasema bismillahi, akashika vijiti, akazivuta kwa mdomo kwa sauti ambayo nyumbani tungeitoa sisi angetuchapa. Mimi macho yalikuwa kwenye mdomo wake. Tonge la tano. La sita. La saba.

Akaviweka vijiti chini.

"Usinihesabie. Wiki tatu niko hapa. Umenipima, umenipikia, umenisemea. Huyu binti ndiye mtu wa kwanza kuniuliza nataka nini."

Ilinichoma. Nilikuwa na la kumjibu, na refu: likizo yangu yote niliyoimaliza kwenye kile kiti cha hospitali, mgongo unavyouma, fomu nilizojaza. Nikalimeza, kwa sababu alikuwa na haki.

Mama akarudi kwenye bakuli lake. Alikula mpaka tambi zikaisha, akanywa na supu mpaka chini, jasho likimtoka puani, akajifuta kwa ncha ya kanga. Akasema anataka bakuli jingine. Nikasimama upesi niende kaunta.

Akanikamata mkono.

"Kaa chini, mwanangu. Nitaagiza mwenyewe."