Nafasi ya vidole viwili kwenye cheki ilivyotaka kula ng'ombe wa mahari ya mdogo wangu

Wakuu, nawasalimu kutoka Bunda.

Haya yamenipata mwenyewe, sijasimuliwa. Majina nimeyaacha, mengine yote ni kama yalivyokuwa.

Mimi ni dada mkubwa kwetu, nauza chakula cha kuku hapa mjini. Mdogo wangu anaoa. Ndugu walichangishana milioni tano za ng'ombe wa mahari, na kwa kuwa mimi ndiye mwenye akaunti ya cheki kule Musoma, wakaziweka kwangu, pamoja na hela yangu ya duka.

Kwetu hela ya mahari ikipotelea mkononi mwako huitwi mzembe. Unaitwa mwizi, na wanao wataitwa watoto wa mwizi.

Jumatano dalali aliniletea mahindi ya mkulima mmoja wa Guta. Laki nane.

"Mzee hana akaunti, dada. Andika jina langu. Na andika Kiswahili tu, hao wa benki si wenzetu?"

Nikacheka, nikamwandikia cheki.

Ijumaa nilikuwa njiani kwenda Butiama kwenye kikao cha familia. Tulipofika Kiabakari simu ikaita, namba ngeni.

"Dada, napiga kutoka benki. Kuna cheki yako hapa ya milioni nne na laki nane. Umeiandika wewe?"

Simu za matapeli mnazijua. Nikamjibu, "Katafute mjinga mwingine, mbwa wewe!" Nikakata. Abiria mwenzangu akanipongeza, "Umemkomesha!"

Kisha nikawaza. Hajaniomba namba ya siri. Hajasema nitume chochote. Na hiyo laki nane ameijuaje?

Nikatoa kitabu cha cheki mkobani.

Ile namba sikuipigia. Nilipiga ya tawi, ipo kwenye kitabu cha cheki. Inaita, haipokelewi. Nikashuka palepale, nikavuka barabara, nikapata gari ndogo ya Musoma. Saa nane kasoro, na benki inafunga mapema.

Njiani baba mdogo, mwenyekiti wa kikao, akapiga. "Mama, uko wapi? Tunakusubiri wewe na hesabu ya hela."

"Nimepata dharura, baba."

"Dharura gani leo?"

Nikamwambia nitaeleza nikifika. Akakata yeye.

Benki nilimkuta afisa mmoja mpole, akanivutia kiti. "Karibu dada. Mimi ndiye yule mbwa."

Sikuwa na pa kuficha uso.

Akaniwekea cheki mezani. Mwandiko wangu kabisa: "Laki nane tu". Mbele yake dalali kaongeza "Milioni nne na", kwa Kiswahili kilekile alichotaka. Kwenye tarakimu, nne imekaa vizuri kabla ya 800,000.

Nafasi hiyo niliitoa mimi. Shule ya msingi tulifundishwa kuanza kuandika kwa kuacha vidole viwili, na mpaka leo naachaga. Nyuma nilifunga kwa "tu" na mstari mrefu. Mbele nikaacha mlango wazi.

"Umemlipa?" nikauliza.

"Bila wewe kuthibitisha? Nilimwambia asubiri. Akasema anafuata kitambulisho kwenye gari."

Hakurudi. Nikaizuia ile cheki, nikaenda polisi kuripoti. Mpaka leo simu yake haipatikani. Mzee wa Guta nilimlipa mwenyewe, mkononi.

Butiama nilifika jioni, nikawaeleza yote. Baba mdogo akauliza mara mbili, "Ipo yote?" Ipo yote. Shangazi akadakia, "Huo mwandiko wako mzuri utatuozesha au utatufilisi?"

Wakaamua hela ihamie akaunti ya kusaini watu watatu. Iliniuma, lakini ni haki yao.

Nilichojifunza: anza kuandika pale mstari unapoanzia kabisa, tarakimu zibane upande wa kushoto, na jina liwe la mwenye mali, siyo la mleta mali. Hela ya wengi isilale kwenye akaunti ya mmoja. Na benki wakikupigia, siri usitoe, ila sikiliza kwanza, kisha piga tawi mwenyewe.

Ng'ombe walifika ukweni wiki iliyofuata. Mmoja wamemkataa, eti kavunjika pembe. Kesi ya pembe naiweza.

Mnaotumia cheki bado, nyie mnajilindaje? Na yule afisa nimpelekee samaki gani, sato au sangara? Maana kumtukana, nilimtukana kweli.