Hisa za Mzee Sindato

Ukitaka kumjua mume wangu Asheri, usimuulize yeye. Atakuambia, "Mimi mtu wa mkonge tu," halafu atakaa kimya mpaka chai ipoe. Niulize mimi Lukia, niliyeishi naye chumba kimoja cha kupanga hapa Same mjini, cherehani yangu mlangoni na kitanda nyuma ya pazia, tangu binti yetu Eva hajaota meno mpaka ameolewa. Namjua. Au niseme nilidhani namjua, maana tangu habari ya zile hisa, kichwa changu hakijakaa sawa.

Kwao ni Vudee, juu milimani. Alishuka akiwa kijana kutafuta kazi kwenye shamba la mkonge huku tambarare, wakampeleka korona, ile mashine inayokwangua majani zikabaki nyuzi. Kazi yake ilikuwa kuilisha majani. Maji ya mkonge yanawasha na yanakula ngozi, na miiba yake haina adabu. Mikono ya Asheri ikawa migumu, imepasukapasuka, hata nikimpa kitambaa chepesi anishikie wakati nakata, nyuzi zinanasa kwenye vidole vyake. Nilimkataza kugusa vitambaa vya wateja. Alikuwa anacheka.

Tumepitia shida pamoja, sikufichi. Miaka ya foleni, bidhaa zilipoadimika, tulipokezana kusimama dukani, yeye akitoka zamu ananipokea, na wakati mwingine sabuni inaisha wakiwa wamebaki watu watatu tu mbele yetu. Kisha wakasema mambo yamefunguliwa. Maduka yakajaa kila kitu, mifuko yetu ikawa mitupu. Shamba likauzwa, mwenye mali mpya akaja, wafanyakazi wakapunguzwa, na Asheri akawa mmoja wao. Wakampa mafao yake na mkono wa kwaheri.

Mimi nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilijua sasa nyumba inajengwa. Tulikuwa na kiwanja pembeni ya mji, tukachimba msingi, tukapanga mawe, nikawa kila Jumapili nikitoka kanisani napitia pale nasimama ndani ya kile kitakachokuwa chumba changu cha kushonea. Nilishajua hata dirisha litakaa wapi.

Ndipo akaja bwana mmoja kutoka Dar es Salaam, wakala wa kampuni ndogo iliyoitwa Mtambuzi. Alikutana na wastaafu kwenye mgahawa wa Ikupa, mama wa Kinyakyusa aliyekuja zamani kukata mkonge akaishia kupika wali na maharage pale stendi. Akawaambia kampuni yao inatengeneza vitambulisho na mashine ya kumtambua mtu kwa kidole. Akasema ofisi na mashamba yote ya nchi hii yana wafanyakazi hewa, majina yanalipwa mishahara na watu hawapo, na Mtambuzi ndiye atakayekomesha. Kampuni inauza hisa kwa watu binafsi. Nani anataka kuwa mwenye mali?

Alikuwa amegusa kidonda. Miaka yote ile shambani Asheri alikuwa akisikia siku ya mshahara yanaitwa majina ya watu waliokwisha kuzikwa, na mtu anaitika "nipo", anapokea. Alirudi nyumbani macho yanang'aa.

"Mama Eva, hii ndiyo kazi ya maana," akaniambia. "Mtu alipwe kwa sababu yupo."

"Na nyumba?"

"Nyumba itajengwa na hisa."

Nikalia. Sikuona haya kulia na sioni haya kusema. Pesa ya matofali ikaenda Dar es Salaam, na msingi wangu ukaota miiba.

Walikuwa wanne. Asheri; Ikupa; Mwalimu Aminieli, mstaafu wa shule ya msingi; na Yahaya, muuza vifaa vya ujenzi, ambaye hajawahi kushika jembe wala mkonge, ila pesa anaisikia harufu ikiwa bado Moshi. Wakaamua kununua kwa pamoja. Wakala akauliza hisa ziandikwe kwa jina la nani.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo wenzetu wa pwani wanapotuona wendawazimu. Kwetu Upareni mfereji na ndiva, lile bwawa la kukusanyia maji ya kumwagilia, huitwa kwa jina la aliyeuanzisha. Mwenyewe alishakufa, na jina linabaki lake. Wote waliochimba na wanaokuja kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kuuzibua, wanapata zamu ya maji, lakini hakuna aliye hai anayeweza kusimama akasema maji haya ni yangu. Kwa hiyo hatugombani, au tunagombana kidogo. Ndiva ya kina Asheri inaitwa ya Sindato, baba yake. Aminieli, ambaye na yeye ni Mpare, akasema hilo ndilo jina, tuweke kwa mzee, hakuna atakayemdhulumu mwenzake. Ikupa akasema sawa. Yahaya akasema mradi mgao anaujua. Wakala akaandika Sindato. Hakuuliza kama Sindato anapumua.

Ikapita miaka mitatu. Siku moja Yahaya akapigiwa simu kwamba kampuni kubwa ya nje inataka kuinunua Mtambuzi yote, na kila mwenye hisa aseme kama anauza au anabaki. Wakakutana kwa Ikupa. Nami nikaenda, na suruali ya mteja mapajani napinda pindo, maana ile pesa ilikuwa matofali yangu.

"Bei wanayotoa ni nzuri mno," Yahaya akasema. "Tuuze leo."

"Kampuni imepata faida?" Asheri akauliza.

"Haijapata. Kila mwaka hasara."

"Sasa mbona bei imepanda?"

"Wananunua ya kesho, Mzee Asheri. Nchi nzima itataka vitambulisho."

"Kama ya kesho ni nzuri hivyo," Mwalimu Aminieli akasema, "kwa nini tusibaki tuile sisi?"

"Kwa sababu kesho mashine ikishindwa, hisa zako utafungia maandazi."

Ikupa akasema yeye haelewi. Duka lisilopata faida yeye angelifunga, na hawa wanalipandishia bei. Aminieli akajaribu kumweleza tofauti ya thamani na faida, akaeleza mpaka na yeye mwenyewe akapotea katikati, akaomba maji ya kunywa. Yahaya anasema uza, Aminieli anasema subiri, Asheri anasema kwanza tujue kama ile mashine inafanya kazi kweli. Nikachoka.

"Baba Eva," nikamwambia mbele yao, "mimi naingia kwenye msingi ule kwa kuruka miiba. Uza."

Akaniangalia. Hakukasirika, na heri angekasirika. Akasema, "Tuuze."

Basi kampuni ikamtuma binti mmoja, Nashipae, mtoto wa wafugaji wa huku huku tambarare, aliyesoma hasa. Akaingia mgahawani na kompyuta ya kubeba na kidubwasha chenye kioo kidogo. Akatuamkia wote shikamoo mmoja mmoja, tukaitika marahaba, akaketi.

"Mzee Sindato ni yupi?" akauliza. "Kila mwenye hisa lazima atambuliwe kwa mashine yetu ndipo auze."

Watu wazima wale wakaanza kuangalia meza.

"Mzee alishafariki," Asheri akasema.

"Pole sana, baba. Lini?"

"Kabla ya uhuru."

Nashipae akamtazama Asheri, akatazama kompyuta yake, akamtazama Asheri tena. "Lakini alinunua hisa juzi tu, miaka mitatu."

Mwalimu Aminieli akamweleza habari ya mfereji na ndiva. Binti wa watu akasikiliza kwa heshima, kalamu mdomoni. Alipomaliza, Ikupa ndiye aliyelisema, na alilisema polepole kama mtu anayetegua mwiba.

"Kwa hiyo kampuni ya kukomesha watu hewa, mwenye mali wake mmoja ni hewa. Na ni sisi."

Yahaya alicheka mpaka akakohoa. Asheri hakucheka.

Nashipae akatoka kupiga simu kwa wakubwa wake. Akarudi na jibu. Hawataki kesi wala kelele wakati kampuni inauzwa. Kundi lichague mtu mmoja ashike jina hilo, aweke kidole, na kuanzia hapo kwenye kumbukumbu zao yeye ndiye Sindato. Mashine haimjui mtu, akatuambia, inajua kidole.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wazee wetu waliwapa maji wafu. Maana yule atakayekuwa Sindato, hisa zote ni zake, na wenzake wabaki kumtegemea moyo wake. Yahaya akajitolea upesi, na wote wakamkatalia upesi zaidi. Aminieli akasema hawezi kujiita mzee wa ukoo usio wake. Ikupa akasema yeye ni mgeni. Wakamgeukia Asheri, mtoto wa mwenyewe, na hakuna aliyebisha.

Alinawa mikono kwanza. Akakaa wima kama anapigwa picha ya harusi, akaweka kidole. Mashine ikalia, taa nyekundu. Nashipae akamwambia akaushe mkono vizuri. Nyekundu. Wakajaribu gumba, wakajaribu mkono wa kushoto. Binti akamfutia vidole kwa kitambaa chake mwenyewe, kwa upole, kama anamfuta mtoto. Nyekundu.

"Inasemaje?" Asheri akauliza.

"Inasema hakuna kidole, baba. Kazi ngumu inafuta alama. Siyo kosa lako."

"Inasema sipo?"

Binti akainama kukifuta kile kioo. Asheri akatazama vidole vyake, akavigeuza, akavitazama tena. Mimi niliona kabisa kwamba mume wangu ameumia, na moyo uliniuma, na bado niliwaza nyumba. Nakuambia ukweli. Nashipae alikuwa arudi Dar es Salaam siku ile ile, na dirisha langu lilikuwa linaondoka naye.

"Lete hapa," nikasema.

Hakuna aliyenikataza. Mimi ni mke katika ukoo wa Sindato, vidole vyangu ni vya sindano na kitambaa. Nikaweka. Taa ikawa kijani, mara ya kwanza tu, wala haikusitasita.

"Haya, Mzee Sindato," Nashipae akasema, akijitahidi asicheke, "unauza au unabaki?"

Nikamtazama Asheri. Yeye alikuwa anatazama mikono yake.

"Nauza," nikasema.

Pesa zikaja, kila mtu akapewa chake palepale mezani, hakuna aliyelalamika. Sisi tukafyeka miiba, tukapandisha kuta, mabati yakaja kutoka kwa Yahaya, naye akanipunguzia bei. Mjini wakaanza utani. Nikipita sokoni wananiamkia, "Shikamoo Mzee Sindato," nami naitikia marahaba na sauti nzito, tunacheka. Nilidhani ni jambo la kuchekwa tu.

Lakini Asheri akawa mpole kwangu kupita kiasi. Nikimwomba kitu ananiletea haraka, kama mtoto aliyetumwa. Akaacha kuniita Mama Eva, akawa haniiti kitu. Fundi akimuuliza mlango ukae upande gani anasema, "Muulizeni mwenyewe." Nikamwambia tuongee, akasema hakuna neno. Nikagomba. Nikanuna. Nikampikia makande anayoyapenda. Hakuna kilichosaidia, na sikujua nimekosa nini, maana si nilifanya kwa ajili yetu sote? Siku mabati yanapigiliwa alisema anapanda Vudee kwenye msaragambo wa kuzibua ndiva, atarudi ukiisha. Msaragambo ukaisha, wenzake wakashuka, yeye hakushuka.

Nikasubiri, kisha nikapanda mwenyewe. Nilimkuta ndani ya ndiva, peke yake, suruali imekunjwa, anatoa tope lililobaki kwa jembe. Nilisimama ukingoni.

"Baba Eva. Nyumba imeisha. Vyumba vitatu, na mlango una kufuli."

"Nimesikia."

"Unashuka lini?"

Akaegemea jembe. "Nyumba ya nani ile, Lukia?"

"Swali gani hilo? Yako."

"Aliyelipa nani?"

Nikafungua mdomo kusema ni wewe, pesa ilikuwa ya mafao yako, ni jasho lako la korona. Ningeyasema yote hayo, na yangekuwa kweli. Lakini nilikumbuka ile taa nyekundu.

"Sindato," nikasema.

"Basi baba amejenga," akasema, bila hasira. "Namshukuru. Mimi nilitaka kujenga mwenyewe."

Akainama akaendelea kuchimba. Nilikaa pale kwenye nyasi mpaka gari la mwisho la kushuka likapiga honi barabarani, nikashuka peke yangu, na nilipofungua ile kufuli sikujua nilale chumba kipi.