Boksi Lenye Kitako Mara Mbili

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Mbarara, Hajati mwenye karakana alinipa kisu na kipande cha kadibodi, akaniambia nikunje boksi la mshumaa. Nikakandamiza kwa nguvu zangu zote, kadibodi ikakatika vipande viwili.

"Ssebo, bwana wee, unachinja mbuzi?" akaniuliza.

Akanionyesha: mkunjo huchorwa kwa mgongo wa kisu, taratibu, kadibodi ilale bila kukatika. Nyinyi vijana mnaonisikiliza leo mna mashine ya kazi hiyo. Haya, raha yenu, lakini utamu wa boksi kujifunga lenyewe mikononi mwako hamuujui.

Tuliwatengenezea maboksi wauzaji wa zawadi ndogondogo: sabuni za mkono, mishumaa, shanga, kila mmoja na kipimo chake. Baadaye Hajati akanirudisha Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi nilikokuwa nikiishi, nisimamie maboksi ya vikapu vya akina mama wa Kirundi. Kiongozi wao alikuwa Mama Konsolata, mtu wa maneno machache. Wao wanasuka, mimi napima, Hajati anauzia duka moja la Kampala. Nyumba nyingi zilikula kwa sababu ya duka hilo.

Msimu mmoja wa mvua Hajati akashuka kwenye boda na boksi lililooza mkononi. Ndani ya vikapu yalikuwemo maharage ambayo hayakukauka vizuri. Yaliota ukungu, kitako cha boksi kikalainika, na kikapu kimoja kikamwangukia mteja miguuni.

"Nani ameweka hii chakula? Mimi nauza vikapu, siuzi posho! Duka linataka kuacha. Na mimi naacha!"

Mimi nikainama, nikajifanya natafuta rula. Mama Konsolata aliendelea kusuka.

"Ni mimi, Hajati. Kwetu kikapu cha zawadi hakitolewi kitupu. Ukimpa mtu kitupu, umemtakia njaa."

"Mteja anataka kitupu!"

"Basi ajisukie."

Yoo! Nikaona kazi ya akina mama wote inaondoka na ile boda. Hajati alimkazia macho, kisha akaketi mkekani, akachukua kikapu kimoja, akakigeuzageuza.

"Wallahi, hata sisi sahani ya jirani haturudishi tupu," akasema polepole. Akanigeukia. "Sasa shida ni boksi yako, ssebo."

Nikatengeneza jingine: kitako cha kadibodi mbili, mistari ya mawimbi yake ya ndani imepishana, gundi katikati, na nafasi ya kifuko cha maharage yaliyoanikwa mpaka yakawa makavu kabisa. Duka likalipenda, likaagiza zaidi.

Sasa nimestaafu, vidole vimekakamaa. Nikipita kwa mafundi wa Mbarara, nasikia mteja akiulizwa, "Unataka kitako cha kawaida, au Konsolata?" Vijana wanadhani ni jina la kipimo tu. Mwenyewe alirudi Burundi kabla jina hilo halijashika, na hakuna aliyemwambia. Hilo linaniuma, jamani, kuliko hivi vidole.