Uzi Mwekundu wa Madam Tausi

Usiku ule nililala nimemkasirikia fundi. Mchana alikuja maabara kwetu kukagua meza mpya ya kukatia sampuli, ile yenye matundu nyuma ya kufyonza mvuke wa fomalini, dawa kali ya kuhifadhia vipande vya nyama za wagonjwa. Kwanza akazima feni letu la kusimama, ati linapeperusha karatasi zake. Akaisikiliza meza inavyonguruma, akaweka kiganja kwenye matundu, akasema nzima kabisa. Nilitaka anieleze basi kwa nini Neema, anayekaa mbele yake kutwa, anatokwa machozi kama anamenya vitunguu, na kichwa hakimwachi. Neema ni mjamzito. Mimba ya kwanza ilitoka, na hii ameingoja kweli kweli. Fundi akacheka, akasema wajawazito ndivyo walivyo. Loo! Nikamgeuzia mgongo, maana ningemtukana.

Basi, nikalala. Mara niko maabara, jua linawaka, mlango unafunguka na Madam Tausi anaingia.

Madam Tausi ndiye aliyenifundisha kazi. Aliiomba meza hiyo miaka mingi, mpaka wakubwa wakawa wakimwona wanakata kona, na akafariki kabla haijaletwa. Enzi zake tulikatia sampuli dirishani. Alifunga uzi mwekundu kwenye nondo za dirisha, na kila asubuhi, kabla hata ya salamu, aliutazama umelalia upande gani, ndipo atupange. "Upepo uwe mgongoni," ndiyo ilikuwa amri yake. Meza ilipokuja tuliutupa uzi, amri tukabaki nayo. Ndiyo maana joto la mimba lilipomzidi Neema, feni tuliliweka nyuma yake.

"Madam," namwambia, "si ulikufa wewe?"

"Nimekufa. Sasa ndiyo nisiione meza yangu?"

Anaizunguka kama mama mkwe aliyeingia jikoni kwa mkwewe. Anachungulia chini, anagonga bati, anaingiza vidole kwenye matundu kimoja kimoja. Mimi namfuata nyuma, nataka kujua anatafuta nini, na naogopa kuuliza. Neema amekaa palepale anakata sampuli, machozi yanamtiririka, wala hana habari nasi. Madam anachomoa sindano kwenye kola ya koti lake, mahali alipokuwa anaichomeka siku zote, anakata uzi mwekundu kwa meno, anaufunga kwenye ukingo wa meza.

Uzi haukwenda kwenye matundu. Ulicheza kidogo, ukageuka, ukalala kuelekea kwa Neema.

Nikashtuka. Ninapotaka kusema, maabara haipo tena. Tupo jikoni kwa marehemu bibi yangu, lile jiko la kuni lenye dohani, na mimi ndiye nimeinama kwenye chungu. Mlango nyuma yangu uko wazi. Upepo unaingia, unanipita mabegani, unagonga ukuta, unarudi na moshi wote machoni mwangu. Nakohoa, sioni kitu. Nasikia Madam anaufunga mlango taratibu, na moshi unanyooka, unapanda zake dohani.

Nageuka nimwangalie. Anacheka, lakini macho yake hayacheki.

"Ule ulikuwa upepo wa dirishani, Rehema. Pale tulikuwa na uwazi mbele. Huyu Neema ana ukuta mbele."

"Lakini wewe ndiye uliyetufundisha."

"Mimi meza hii nimeiona leo." Akanishika mkono, akaniwekea kitu kiganjani, akanifumba vidole. "Usinishike mimi. Shika uzi."

Nikaamka ngumi nimeifumba. Nikaifumbua haraka, kumbe tupu. Nililia, nakwambia kweli, nililia kwa kumkumbuka, kisha nikatafuta simu. Kulikuwa kunapambazuka.

"Dada Rehema?" Neema akaitika kwa woga. "Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Ukifika kazini usikate chochote mpaka nije."

Nilimkuta amesimama mlangoni, mikono kiunoni, anataka maelezo. Nikamwambia nimeota. Akaniangalia, akaguna, "Haya, mganga wetu." Nikatoa uzi mwekundu niliouchomoa kwenye vyombo vyangu vya kushonea, nikaufunga ukingoni mwa meza, nikawasha meza bila feni. Uzi ukajinyoosha kuelekea kwenye matundu. Nikamwambia Neema akae kwenye kiti chake, kisha nikawasha na feni nyuma yake.

Uzi ukayumba, ukageuka, ukamlalia kifuani.

Neema alitazama uzi, akatazama feni, mkono wake ukaenda tumboni wenyewe. "Yaani hili feni?" akasema. "Ninalolishukuru kila siku?"

"Hilo hilo."

Akainuka akalizima mwenyewe, akauchomoa waya ukutani, akalisukuma hadi koridoni. Aliporudi aliutazama uzi kwanza. Ulikuwa umelalia matundu. Ndipo akakaa, akavaa glavu.

Siku ile Neema alikata sampuli hadi mchana, jasho linamtiririka kama mtu anayesonga ugali wa harusi, analalamika joto kila dakika. Macho hakuyafuta hata mara moja.