Mama mkwe amesikika kwenye rekodi yangu

Jamani, leo mama mkwe kanisifia bila kujua.

Tangu niolewe hapa Nduguti, huyu mama hajawahi kunisifia kwa lolote. Hata mlenda wangu anakula kimya.

Mchana nilikuwa sebuleni narekodi wimbo wa kwaya kwa programu ya bure ya kurekodia sauti kwenye laptop. Maikrofoni ya kuazima nimeishika mkononi, laptop nimeiweka dirishani, upande wa jikoni. Mama alikuwa huko anapika na jirani yetu, Mama Neema.

Nilipomaliza nikawaita waje kusikiliza.

Kumbe kwenye programu sikuichagua ile maikrofoni! Imerekodi kwa maikrofoni ya laptop yenyewe.

Mimi nasikika kwa mbali. Anayesikika vizuri ni mama, anamwambia Mama Neema:

"Hebu nyamaza kidogo. Huyu binti akiimba, nasahau hata miguu inavyouma."

Mama Neema akaanza kuangalia dari. Mimi sikujua niweke wapi uso, na mama ndiyo kabisa.

"Hayo futa," akasema.

"Sawa, mama."

Akanyanyuka kurudi jikoni. Alipofika mlangoni akasimama, akarudi, akaketi tena.

"Haya, imba upya. Nipo hapa hapa."

Nimeimba sauti ikitetemeka, machozi yananilenga. Rekodi hiyo mwalimu wa kwaya hawezi kuipokea.

Ile ya kwanza bado sijaifuta. Ingekuwa wewe, ungeifuta?