Mkono Uliokatwa Pichani

Kipaza hakuwa mtu wa kuulizwa ni nani. Kwa miaka mingi hapakuwa na harusi ya maana ambayo hakuisherehesha yeye, suti inang'aa, kipaza sauti mkononi, akiwachekesha wageni mpaka bibi harusi anafuta machozi na vipodozi pamoja. Jina alilopewa na wazazi lilishasahaulika. Mkewe, Mama Pacha, alikuwa akideki wodi hospitalini, na akipita sokoni watu walionyeshana kwamba yule ndiye mke wa Kipaza. Hivyo ndivyo dunia ilivyokuwa, na Kipaza hakuona kasoro yoyote ndani yake.

Kisha ugonjwa ukaingia. Mikusanyiko ikapigwa marufuku, kumbi zikafungwa kwa makufuli, mapacha wakapelekwa kwa bibi yao, na kipaza sauti kikalazwa sandukuni kama mgonjwa. Watu wakajifunza kusalimiana kwa viwiko. Kila siku simu zilileta dawa mpya: leo limau na tangawizi, kesho mvuke wa majani, keshokutwa onyo kwamba ile ya jana inaua. Dukani walichorewa maduara ya chokaa, kila mteja na duara lake, na aliyekohoa alijikuta amebaki na mwenye duka tu. Mama Pacha naye akahamishiwa wodi ya waliotengwa, ambako hata ndugu wa wagonjwa hawakuruhusiwa kukanyaga.

Jioni mtaa mzima ulitoka madirishani na vibarazani kugonga sufuria na vifuniko, kuwashukuru watu wa hospitali. Gari la hospitali lilipomshusha Mama Pacha, kelele zilizidi. Walimshangilia kwa mbali, lakini akiwakaribia walimpisha njia kama moto, maana binadamu ndivyo tulivyo. Kipaza, ambaye maisha yake yote makofi yalikuwa yake, alisimama nyuma ya pazia na mwiko mkononi. Hakugonga. Alijiambia kwamba sufuria yao mpini wake umelegea. Siku moja muuza mkaa alimuuliza, kwa sauti ya kusikika na majirani, kama yeye si ndiye mume wa yule mama wa hospitali. Kipaza alitikisa kichwa kukubali, akarudi ndani bila mkaa aliofuata.

Wivu wa makofi angeumeza na chai. Uliomkaba ni mwingine.

Mama Pacha akirudi hakuingia kwa mlango wa mbele. Alizunguka uani, akaoga bafu la nje, akaloweka nguo kwenye beseni la sabuni, akaingia chumba cha watoto na kufunga. Mazungumzo yao yalipita mlangoni. Alimwomba mumewe asimsogelee hata kidogo, kwa ajili ya usalama wake, na Kipaza akaitikia "mm". Akimwuliza ameshindaje, ni "mm". Mtu aliyezoea kuongea mbele ya watu mia tano alikuwa amebakiwa na herufi mbili hizo.

Lakini garini! Garini mkewe alikaa mbele, kando ya dereva, na alicheka. Kipaza alimwona kwa macho yake, nyuma ya pazia lake: mabega yanatikisika, kichwa kinarudi nyuma, na dereva, uso wote umefunikwa na barakoa na miwani, anapiga usukani kwa kiganja. Kicheko kile Kipaza alikijua. Alikipata kwa jasho enzi za uchumba. Leo anakipata mtu wa usukani, tena bure. Wivu ni kidonda, waliosema hawakukosea. Kipaza alianza kukonda kweli, suruali ikahitaji tundu jipya la mkanda.

Alasiri moja, mkewe akiwa kazini, alifuta vumbi kwenye picha yao ya harusi, kwa kukosa la kufanya tu. Ndani ya fremu alikuwa amesimama peke yake. Mahali pa bibi harusi palikuwa na tundu. Mkasi ulikuwa umemzunguka Mama Pacha taratibu, ukamtoa mzima, na kwenye bega lake ukapinda ukachukua na mkono wa bwana harusi. Kipaza wa pichani alitabasamu, mkono wake ukiishia kwenye kiwiko.

Alikaa kitandani na fremu mapajani. Kumbe ndiyo maana. Picha yake nzuri kuliko zote, ile anayocheka, amempelekea mwingine aitazame. Na mimi amenikata hata mkono, akawaza, ili nisimguse hata kwenye karatasi. Kumngoja amuulize lilikuwa jambo la busara, lakini mwenye wivu haulizi, anajijibu. Alichukua begi kubwa la safari, akakunja ndani yake nguo za mkewe zote, akaliweka uani, mbele ya mlango wa bafu, mahali ambapo hangeweza kulikosa. Kisha akavaa barakoa, akashika njia kwa miguu kwenda kumwona huyo dereva.

Alimkuta nje ya lango la hospitali, amechuchumaa, anasugua magurudumu kwa maji ya dawa. Barakoa ilikuwa imeteremshwa kidevuni kwa sababu ya joto. Kipaza alikuwa ameandaa hotuba njia nzima, na ikamkatikia mdomoni, kwa kuwa mtu aliyeinua uso alikuwa babu, meno ya mbele hana, nyusi nyeupe. Kifuani alikuwa amebandika picha yake mwenyewe, akicheka kwa ufizi.

Mzee alipandisha barakoa, akamtazama, kisha akautazama mkono wake wenye saa kubwa ya rangi ya dhahabu ambayo Kipaza hakuivua tangu siku ya ndoa.

"Shemeji," mzee akasema. "Wewe ndiye mwenye mkono."

Akamweleza, huku akikamua kitambaa. Kule ndani walivaa mavazi ya kufunika mwili mzima, yakabaki macho tu, na wagonjwa waliwaogopa. Bibi mmoja wa kitanda cha mwisho alipiga kelele usiku na mchana kwamba malaika wa kutoa roho wamekuja na ndoo. Basi Mama Pacha akaja siku moja amejibandika picha kifuani, ili bibi ajue anayemdekia ana uso, na uso wenyewe unacheka. Bibi akanyamaza. Tangu hapo muuguzi mkuu alitaka kila mtu alete yake. Mama Pacha hakuwa na nyingine ya kucheka ila ya harusi, na mkono uliokuwa begani, umeshika kipaza sauti hata siku ya ndoa yake mwenyewe, alikataa kuukata. Wagonjwa waliuliza mkono huo ni wa nani. Ndipo akaanza kuwasimulia vichekesho vya mumewe.

"Ile ya bwana harusi aliyekuja na viatu viwili vya mguu wa kushoto," mzee akasema, "ananirudishia kila jioni garini. Lakini ameishiwa, shemeji. Anasema angekuomba vingine, ila siku hizi nyumbani huongei."

Kipaza alikumbuka begi.

Aliomba apandishwe garini, akajibiwa kwamba si ruhusa, gari ni la wafanyakazi tu. Akaanza kurudi kwa miguu, kisha mbio, suruali inamteremka. Gari lilimpita njiani. Mkewe alikuwa mbele, anasimulia, mikono hewani, na hakumwona.

Alipofika uani, anahema, Mama Pacha alikuwa amesimama na sare yake, barakoa usoni, begi miguuni. Sufuria za majirani zilikuwa bado zinagongwa.

"Sikulaumu," akasema. "Wenzangu wawili wameshafukuzwa nyumbani na watu wao. Unaogopa, na kuogopa si dhambi. Nitalala hospitali."

Mlango wa kutokea ulikuwa huo, tena umefunguliwa na mkewe. Wakati ule hofu ilikuwa na heshima yake. Angeitikia "mm" tu, na hakuna mtu duniani angemcheka.

"Sikuogopa ugonjwa," Kipaza akasema. "Nilikuonea wivu. Nilidhani wewe na dereva."

Mama Pacha alilisogeza begi kando kwa mguu.

"Ungesema unaogopa, ningekusamehe hapa hapa," akasema. "Hili la dereva, acha nikaoge kwanza. Begi lirudishe, na ukimaliza nawa mikono."

Akalirudisha, akanawa. Akakaa sakafuni, nje ya chumba cha watoto, mgongo ukutani. Sauti ya maji bafuni ilikoma, mlango wa ndani ukafungwa, kukawa kimya kirefu ambacho alijua amekitafuta mwenyewe.

"Ile ya viatu," sauti ikasema hatimaye, upande wa pili. "Bibi wa kitanda cha mwisho anadai naikosea mwishoni."

Kipaza akakohoa, akaogopa kikohozi chake, akaanza upya. Aliisimulia yote, polepole, kama ukumbi umejaa. Ndani hapakusikika kitu mpaka alipofika kwenye kiatu cha pili, na hapo kile kicheko cha garini kikapita chini ya mlango.