Katibu alikata mwisho wa hadithi ya wizi, saluni ya Greyville ikaupata bila yeye

Aliyekata kurasa za kitabu cha ushirika wetu wa kanisa hapa Umbilo, Durban, ni Katibu wa maktaba. Nalitamka hili mwanzo ili asisingiziwe mwingine.

Wakuu, heshima zenu. Ninayoyaeleza niliyaona na kuyasikia mwenyewe.

Mimi ni mstaafu wa masijala ya mahakama, Kigoma. Nilihamia huku kwa binti yangu mwaka 2013. Katika utumishi wangu wote, jalada halikutoka mikononi mwangu likiwa pungufu.

Kitabu chenyewe ni mkusanyiko wa hadithi fupi za upelelezi, Kiingereza cha enzi za Malkia Victoria, sentensi ndefu kama foleni ya vibali. Kila Jumamosi mchana nilikwenda nacho saluni ya Mama Béa, Greyville, nikiwafasiria wasusi na wateja, wengi wao Wakongo. Nasema kwa fahari: sijapata kuhudumia baraza makini kama lile.

Siku hiyo ilikuwa hadithi ya kikombe cha fedha kilichoibwa kanisani. Mchungaji anaapa kwamba jioni nzima alikuwa chumbani akiandika mahubiri kwa mwanga wa taa. Asubuhi mtumishi anaikuta taa imejaa mafuta. Mtunza bustani anakamatwa. Mpelelezi anasema, "Mwizi namjua."

Nikafunua ukurasa. Haupo. Zilizobaki zote zimekatwa kwa wembe, safi kabisa.

"Papa, mwisho iko wapi?" akauliza Mama Béa.

"Ameficha," akadakia Clarisse, msusi wake. "Anataka tumubembeleze na chai."

Wakacheka. Mimi sikucheka. Mtu wa masijala kutuhumiwa kuficha kurasa!

Clarisse akashikilia kwamba mwizi ni mtunza bustani. Mama Béa akakiacha kichwa cha mteja nusu kimesukwa.

"Weye Clarisse, juzi load-shedding, umeme umekatwa, taa yetu ya paraffin si iliwaka mpaka ikakauka? Ya pasta inawaka jioni yote, asubuhi iko imejaa? Hakuwasha! Hakukuwa mu nyumba. Pasta njo mwizi." "Njo" kwao ni "ndiye".

"Eish! Pasta?"

"Pasta."

Jumapili baada ya ibada nilikirudisha kitabu kwa Katibu, Mama Béa na Clarisse wakiwa nami. Habari ya kurasa hatukuwa tumemwambia mtu. Nilikusudia kulalamika kwa maandishi. Mama Béa akanitangulia.

"Asante kwa kitabu, Papa Katibu! Kumbe pasta njo aliiba!"

Katibu akaruka. "Haiwezekani! Mmesomea wapi? Kurasa zile hamkuwa nazo!"

"Na weye," akauliza Clarisse taratibu, "umejuaje hatukuwa nazo?"

Alijitetea kwamba alilinda heshima ya watumishi wa Mungu. Mimi nami ni mzee wa kanisa. Sijaona heshima hiyo ikilindwa kwa wembe. Tena kwa hasira zake alituthibitishia kuwa jawabu la saluni lilikuwa sahihi!

Jumamosi iliyofuata nilikuta chai inanisubiri, bila mtu kubembelezwa.

Nililojifunza: anayewanyima watu mwisho wa jambo huwaachia ushahidi wote uliotangulia.

Mwenye hoja ya kumtetea aiweke hapa, nitamjibu kwa adabu.

Kwako Katibu, ambaye najua unasoma jukwaa hili: nakutaka urejeshe kurasa zote, kisha ueleze mbele ya ushirika, kwa kinywa chako, ulizikata kwa mamlaka ya nani. Wasusi wa Greyville wapewe viti vya mbele.